Chumba Kinachoitwa Lozina

Bugarama, Ngara
Jumatatu

Mpendwa Dada Rozina,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini u mzima na masista hawakulazi njaa. Sisi tu wazima, isipokuwa Mama, na kwa ajili yake nimeandika na kuchana karatasi tangu asubuhi. Amelazwa Biharamulo, na Ijumaa atafanyiwa upasuaji wa tumbo. Baba hawezi safari kwa lile goti lake, na yeye na Mama waliagana vibaya, wakigombana ni nani aliyekuruhusu kwenda utawani. Tangu uondoke hajalitaja jina lako, unamjua. Lakini alinijia mwenyewe akasema anataka amwone mkewe usoni kabla ya kisu.

Simu huku inatosha sauti tu, picha inakwama. Ila parokiani ninakofanya kazi kuna intaneti ya dishi, na hospitali wana yao. Tatizo ni ruta: kila moja ni mlango unaowaruhusu walio ndani kutoka, lakini mgeni hapiti. Nikaita kompyuta yao, kimya. Wakaita yangu, kimya. Nilihangaika, sikai wala sisimami. Mwishowe nikakodi nafasi kwenye kompyuta iliyo nje ya ruta zote mbili, tukutane hapo, kama watu wanavyokutana Benaco mmoja akitoka Ngara na mwingine Biharamulo. Nikafungua chumba cha mazungumzo, na kwa kuwa Mama anakuulizia kila siku, nikakipa jina lako. Nikamtajia jina hilo kwa simu Limi, binti wa Kisukuma anayetunza kompyuta za hospitali.

Jana Baba alivaa koti lake la Pasaka akaketi mbele ya kioo cha kompyuta. Kioo kikabaki cheusi. Akasubiri, akakohoa, akasema Mama amekataa kumwona, na kwamba ana haki. Nilikosa pa kuuweka uso wangu. Mara Limi akapiga simu akilalamika kwamba Mama yumo chumbani peke yake, analia, anasema mumewe hakutaka kuja. Akauliza chumba kinaitwaje hasa. Kabla sijajibu, Baba alininyang'anya simu, akamwambia kinaitwa Rozina, jina la binti yake. Limi akasema ndiyo, Lozina, ndivyo alivyoandika.

Nilicheka huku nalia, Dada. Mmoja yumo Rozina, mwenzake yumo Lozina, wanangojana. Nikaandika kwa L, na Mama akatokea, amekonda, kitenge kichwani. Baba akakisogelea kioo, akamwomba msamaha.

Sasa hili ndilo lililoninyima usingizi. Jambo la kwanza walilokubaliana baada ya kupatana ni kwamba wewe usiambiwe, usije ukavurugika kabla ya nadhiri zako. Wakaniapisha wote wawili. Nikaapa, na barua hii ninampa Sista Domisiana anayekuja huko kwa basi kesho.

Wasalimie masista wote. Mwombe mkuu wenu akuruhusu kutumia kompyuta yao umwone Mama; maelezo nimeyaandika nyuma ya karatasi hii. Chumba kipo wazi mpaka Ijumaa alfajiri. Usikosee tu, Dada: jina lako siku hizi linaanza na L.

Mdogo wako akupendaye,
Fideli