Kiti cha Tatu

Palermo, 20 Mei 1997

Kaka yangu Saverio,

Mimi sijambo, na natumaini baridi ya Buenos Aires haijaanza kuwauma. Mlimau wa uani umezaa mpaka majirani wamechoka kugawiwa.

Jumba la opera limefunguliwa! Walilifunga kwa ukarabati wa miezi michache, ikawa miaka ishirini na mitatu, na Baba, mvuta pazia wao, akazeeka akingoja. Wiki iliyopita walimwalika. Nilimpigia pasi suti yake ya harusi. Zile ngazi alizokuwa akizipanda amenibeba mgongoni, safari hii alizipanda akipumzika kila baada ya hatua mbili. Ndani dhahabu inang'aa na viti ni vyekundu kama zamani, ila ile harufu ya gundi na vumbi imepotea.

Pazia sasa hupandishwa kwa kitufe. Baba akacheka: "Kumbe kazi yangu hata paka angeiweza!" Lakini taa zilipozimwa, niliona mikono yake ikivuta kamba hewani.

Kaka, mapafu yake yamekwisha. Daktari hadhani kama atayaona mavuno ya zabibu. Najua ulipoondoka ulimwambia analinda maiti ya jumba, naye akakufukuza. Tangu hapo hajalitaja jina lako.

Ila walipomwalika, aliomba nafasi tatu za kuketi. Bibi mmoja alipotaka kuketi kwenye ile iliyobaki, Baba aliweka kofia yake juu ya kiti.

"Samahani, bibi. Hapa ni pa mwanangu Saverio. Amechelewa kidogo tu."

Dada yako akupendaye,
Agata