Mnyama Mwenye Manyoya na Meno

Jumatatu, 8 Machi 1993
Umeme hakuna tena. Nimefanya kazi dirishani. Lile jiwe bapa lenye mifupa ya mnyama, ambalo injinia mmoja mzungu aliiachia shule yetu bila maelezo yoyote, leo nimeona vizuri kichwa kiko wapi. Meno madogo, makali. Kando ya mkono, alama za manyoya. Kisimba, mwalimu mwenzangu wa jiolojia, alikuwa ameshabandika karatasi: ndege. Nimeibandua. Amenuna. Nimechoka hata kubishana.

Jumatano, 10 Machi
Darasa karibu tupu. Wenye majina ya Kikasai, wanaoambiwa warudi kwao, hawaji tena. Mimi ni Ngalula, na mji mzima unajua jina hilo linatoka wapi. Baba aliletwa kufanya kazi kiwandani. Mimi nilizaliwa hapa Shituru. Kasai sijawahi kuiona.

Mama amechinja kuku wake wa mwisho, asije akaibwa. Nikaomba miguu kwa ajili ya kazi. Akanitazama kama nimeharibika akili. Miguu ndiyo anayoipenda. Amenipa mmoja.

Ijumaa, 12 Machi
Mguu wa kuku kando ya jiwe. Kucha za kuku hazipitani sana kwa ukubwa. Huyu wa jiwe, kwenye kidole cha pili, ana kucha kubwa iliyopinda kama mundu. Tena ana mkia mrefu wa mifupa mitupu. Kuku hana. Ndege gani anao?

Si ndege. Ni dinosaria. Mdogo, mwindaji, mwenye manyoya. Nimefurahi. Muda mrefu sijafurahi hivi.

Kisimba hataki. "Iko na manyoya, ni ndege. Bas." Vitabu vyetu vyote viko upande wake. Nikamwonyesha mkia. Akaupitisha kidole, lakini hakukubali.

Kelele barabarani. Tukafunga dirisha.

Jumatatu, 15 Machi
Vijana wamepita nyumba kwa nyumba wakiuliza majina. Tumeambiwa tuondoke kabla ya Alhamisi.

Mkuu wa shule ameomba funguo zangu. Kwa upole. Nauchukia upole ule. Nimebandika karatasi yangu kwenye jiwe, na jina langu chini, kisha nikampa funguo.

Kisimba alitaka tujifiche kwake. Mama amekataa. Yule ana watoto, amesema, nao watapigwa kwa ajili yetu.

Jumamosi, 20 Machi
Stesheni. Maturubai, moshi, watoto wanakohoa. Treni ya Kasai haijulikani ni lini.

Kisimba amekuja na bukari, ugali wetu wa huku, na samaki. Tumekula watatu, sahani moja. Ameniambia mkuu anataka karatasi ya jiwe iandikwe upya, jina langu lisiwepo.

"Miye ningali nasema ni ndege, Mama Ngalula," akaniambia. "Lakini ile karatasi yako sitaitoa."

Alipoondoka, Mama akauliza huyo mnyama alikuwa anakula nini.

Mijusi, nikamwambia. Vitu vidogo.

Akajifunika kitenge, akalala.