Sabufa ya Pili, Karibu na Mlango

Jumatatu, 9 Januari

Aibu ya leo! Naiandika hapa ili nisiimwage kwa mtu.

Bu Jarrah, rafiki wa baba wa siku nyingi, alifika baada ya Magharibi kwenye diwania ya baba, baraza lake la wanaume la kila Jumatatu. Akasimama mlangoni, akatoa salamu. Kimya. Akatoa tena. Ya tatu nikaisikia mimi, niliye jikoni nyuma ya ukuta, napanga vikombe. Baba hakuisikia. Mgeni yuko mlangoni na mwenye nyumba hajainuka!

Halafu Bu Jarrah akasimulia ndugu yake alivyolazwa hospitali. Baba akacheka. Alidhani ni mzaha.

Walikuwa wageni watatu tu. Zamani viatu vya wageni vilifika hadi barabarani. Wameondoka mapema, kahawa haijapoa.

Baba akaja jikoni, akasimama karibu na friji. Kasema Jumatatu ya mwisho ya mwezi huu atawatangazia: anafunga diwania. Ilifunguliwa na babu yangu. Haijawahi kuruka Jumatatu, ila wakati wa vita na wakati wa msiba.

Mashine za sikio tumemnunulia mara mbili. Zote ziko kwenye droo. Anasema zinamletea kelele za vijiko, si maneno ya watu.

Nina wiki tatu.

Jumanne, 10 Januari

Kipindi cha nne, kidato cha tatu, somo la mawimbi ya sauti. Nimechora ubaoni, nikawaambia wasichana: sikio la mzee hupoteza kwanza sauti nyembamba, nzito hubaki. Nikaweka chaki chini. Kumbe!

Baba alikuwa fundi wa mashine ya filamu miaka thelathini, kwenye sinema ambayo leo ni maegesho ya magari. Alikuwa akituambia, Ghanim na mimi, kwamba mkanda ukianza kwenda vibaya nyayo zake hujua kabla ya macho.

Sasa — tumwekee sinema humo humo diwaniani! Wazee waje watazame. Anayetazama hadaiwi majibu.

Nimempigia Ghanim. Kaka yangu huyu hajui kuongea bila kebehi. Kauliza kama nimepata wazimu au nimepata bwana. Halafu: "Lakini spika nachagua mimi."

Jumamosi, 14 Januari

Mtaa wa Hawalli, duka la spika, ghorofa ya pili. Fundi anaitwa Nidal, mpole, mvi zimemuwahi. Ghanim akaingia kifua mbele, akaenda moja kwa moja kwenye spika ndefu kuliko yeye.

"Hizi! Na wati nyingi."

"Bwana, hizo ni za ukumbi wa harusi," Nidal kasema. "Mzee wenu ana harusi?"

Nilimpenda saa hiyo hiyo.

Kanifundisha kwa subira. Spika tano. Mbili za mbele, mbili za pembeni, na ile ya katikati, ambayo watu huidharau kwa kuwa ni fupi na imelala chali — kumbe maneno yote ya filamu hutokea humo! Basi fedha nyingi ziende kwenye ya katikati. Nikachagua yenye sauti kavu, isiyopamba. Ghanim akanuna.

Kisha Nidal akatuingiza chumba cha nyuma, akafunga mlango, akawasha sabufa, ile spika ya sauti nzito. Sanduku jeusi tu, la kuwekea mkate ungesema. Kwenye skrini bahari ilikuwa imetulia.

Mungu wangu.

Haikuanzia masikioni. Ilianzia kwenye magoti. Ikapanda tumboni, ikanishika mbavu. Maji kwenye glasi ya Nidal yalipiga duara, moja ndani ya jingine, safi kabisa, yale yale ninayochora ubaoni miaka ishirini na mbili. Nimeyachora tu! Sijawahi kusimama ndani yake. Nywele zilinisimama mpaka chini ya shela. Nikatazama mkono wangu kwenye kiti: unatetemeka, na siogopi kitu.

Hata Ghanim alishika ukuta kwa mikono miwili. Hilo nalo liandikwe.

Ikabaki risiva, ile inayogawa sauti kwa spika zote. Nidal alishika moja yenye kijimaikrofoni: unakiweka pale mtu anapokaa, inapiga milio, inapima chumba, inajirekebisha yenyewe. Mashine inayosikiliza chumba! Nyuma ina tundu mbili za sabufa. Ghanim kauliza mbili za nini, tuna moja. Akatoka nje kupokea simu.

Nidal akaniuliza mzee hukaa wapi hasa.

Nikajibu bila kufikiri: mwisho kabisa, mbali na mlango, kiti cha juu. Kila asubuhi nampelekea chai ya maziwa hapo hapo.

Jumapili, 15 Januari

Kifua bado kinakumbuka.

Jumatano, 18 Januari

Nidal kaja alasiri na vijana wake. Akatazama matakia yalivyozunguka kuta zote nne, akasema kwa adabu kwamba sinema inataka watu wakae katikati, safu kwa safu, waelekee skrini.

Baba aliandikiwa hilo kwenye karatasi. Alipiga ukelele wa kiziwi: "Watu wapeane migongo? Kwangu? Hii diwania au basi la shule?"

Yakaisha. Matakia yamebaki ukutani. Atakayetaka kuona ageuze shingo.

Sasa sehemu ya sabufa. Nidal akaibeba, akaiweka juu ya kiti cha juu chenyewe, imekaa kama mheshimiwa! Akasema: besi ikisikika vizuri mahali fulani ukiwa chini, basi hapo ndipo pa kuiweka, na kitini itasikika vivyo hivyo. Mtu atambae. Yeye ana goti bovu. Vijana wake wanaona haya.

Nimetambaa mimi. Mwalimu Sabika, mkuu wa idara ya fizikia, magoti na viganja kwenye zulia, kichwa chini, chumba kizima! Hapa inanguruma, hatua moja mbele imekufa. Hatua tatu, imefufuka. Sauti ina mabonde na vilima na sisi tunakaa humo hatujui.

"Umepoteza hereni?" baba akauliza.

Pakapatikana: kando ya kabati la mabuli. Kijimaikrofoni kikawekwa kwenye kiti cha juu, risiva ikapiga milio yake. Kisha baba akakaa. Nikamvua ndala. Nidal akawasha.

Sitaweza kuandika uso wake. Nitajaribu. Kwanza alitazama chini, kama mtu aliyeguswa mguu na paka. Kisha akafumba macho. Vidole vya miguu vikakunjuka, kimoja kimoja.

"Mashine inakwenda," akasema, polepole. "Haikwaruzi."

Nilikwenda jikoni nikalia. Nimefurahi mno.

Jumatatu, 23 Januari

Imeharibika.

Watano walikuja, Ghanim kawapigia simu mmoja mmoja. Nilisikia toka jikoni wanavyopiga kelele: "Ala! Ala! Jengo linahama!" Bu Jarrah aliapa kwamba mbavu zake zimesagwa. Sauti ya baba sikuisikia kabisa.

Walipoondoka nikamuuliza kwa karatasi. Kasema wamefurahi, Mungu awabariki. Yeye? Alikaa kama aliyefungiwa nje. Hakuhisi kitu. Jumatatu ijayo anawatangazia, na nisimbembeleze.

Nikampigia Ghanim, aliyekwisha fika kwake, nimewaka: sabufa mbovu, Nidal tapeli!

"Baba alikaa wapi?"

"Pale juu, anapokaa siku zote."

Akaangua kicheko, mpaka akakohoa.

"Dada, pale juu ni pa mgeni! Leo alikaa Bu Jarrah. Baba hajapakalia mbele ya wageni wa diwania tangu nimjue. Mwenye nyumba hukaa mlangoni, awe wa kwanza kuinuka."

Miaka arobaini na sita naishi nyumba hii. Namwona pale juu asubuhi, chumba kikiwa kitupu. Jioni ni ya wanaume, mimi niko jikoni. Nani angeniambia? Nimepima chumba kizima kwa kiti cha mtu mwingine!

Jumanne, 24 Januari

Nimetoka shule mapema, nikaenda kukaa mlangoni. Takia la mwisho, limebonyea kwa miaka yake. Nikawasha bahari ile ile.

Hakuna. Kweli hakuna kitu! Wimbi linatoka kabatini, jingine linarudi toka ukuta wa nyuma, yanakutana juu ya takia la baba yanafutana. Na huwa natoa swali hilo kwenye mtihani.

Nimemwandikia: akae juu, Jumatatu moja tu. Alisoma mara mbili, akanirudishia karatasi imekunjwa.

"Nimwache mgeni mlangoni, nipande juu, kwa ajili ya sanduku?"

Huyo ndiye baba yangu. Nilitaka kumgombeza na kumbusu mkono kwa pamoja. Nimembusu mkono.

Jumamosi, 28 Januari

Tundu mbili! Nidal kanieleza kwenye simu: sabufa ya pili, upande wa pili wa chumba, inajaza bonde la ya kwanza. Ghanim kaileta mwenyewe, kaibeba begani, hataki kusaidiwa. Hakusema neno la kebehi. Labda anaumwa.

Nidal naye kafika, nimetambaa tena. Ya pili imekaa karibu na mlango, nyuma ya rafu ya viatu. Kijimaikrofoni juu ya takia lililobonyea.

Lakini sakafu hapo ni saruji, na saruji ni bubu. Baba alikuwa anatutazama, akasema ghafla kwamba chumba cha mashine cha sinema kilikuwa na sakafu ya mbao. Nidal akamtazama. Akapiga simu kwa seremala. Kufika alasiri, jukwaa la mbao lilikuwa chini ya takia la baba, kimo cha kidole, limenyooka mpaka kizingitini. Kila anayeingia atalikanyaga.

Baba akakaa. Bahari ikapiga. Alikamata goti langu kwa nguvu, hakuliachia.

"Zilikuwa zimelala," akasema. Alimaanisha nyayo.

Lakini kuhusu Jumatatu hakusema kitu. Namjua. Akishatoa neno ni vigumu kulirudisha.

Jumatatu, 30 Januari

Naandika jikoni, daftari juu ya mashine ya kufulia. Siwezi kusubiri mpaka baadaye.

Wamekuja tisa, pamoja na Ghanim! Kahawa raundi ya kwanza imekwenda, dengu za kuchemsha zimekwenda. Filamu ni ya zamani, yenye jahazi na dhoruba, baba aliionyesha wiki sita mfululizo ujanani. Nimeweka kiganja ukutani. Ukuta unatetemeka, na mimi nyuma yake, nashukuru.

"Subirini," sauti ya baba. "Sasa mlingoti!" — na mlingoti ukavunjika! Wakapiga kelele wote. Anawasimulia! Anajua kila kitu kabla yao. Kacheka. Wote wakacheka naye, mahali pamoja.

Filamu imekwisha. Ghanim amezima. Ukuta umetulia.

Baba anasema: "Jamani, nina neno."

Ee Mungu, anatangaza. Alishatoa neno.

Wamenyamaza. Hata vikombe. Anasema, diwania hii ilifunguliwa na marehemu baba yangu, na ninyi mnajua hali yangu —

Amenyamaza.

Nachungulia kwenye upenyo wa mlango. Wote wanamtazama yeye. Yeye anatazama miguu yake. Yuko pekupeku. Skrini nyeusi, sabufa zote mbili kimya, Ghanim ameshika rimoti. Hakuna sauti yoyote. Mimi sisikii kitu!

Anainuka. Amegeukia mlango, mikono ameinyoosha, na mlangoni hapana mtu —

Ubao umelia. Ni Bu Falah, rafiki mwingine wa baba, na bakora yake, kachelewa, anahema. Hajafungua mdomo kutoa salamu, baba ameshamkumbatia. Nyayo zake zimemsikia kabla yetu sote!

"Karibu! Karibu! Panda juu, ndugu yangu, panda juu!"

Bu Jarrah anampisha kiti. Watu wanasogea. Lile neno limebaki hewani, hakuna anayeliuliza, na baba bado amesimama juu ya mbao, anacheka —

Ananiita. "Sabika! Kahawa!"

Vikombe kumi na kimoja. Nimepanga kumi. Naenda —