Mbuzi Walikufa kwa Mabibo, Jirani Akaitwa Mchawi

Mpendwa Mama Bertila, shikamoo. Naomba msaada wako, ila jina langu usilitoe gazetini. Mimi ni mkulima wa Kitangari, na tangu wanunuzi binafsi wa korosho waruhusiwe kila mtu hapa kafyeka pori apande mikorosho, malisho yakaisha, tukawa tunawakatia mbuzi matawi ya miti kwenye mteremko ulio juu ya kisima, mpaka udongo ukaanza kuporomokea majini, na jirani yangu, nimwite Sijaona, akatusihi tuache, mume wangu akamjibu vibaya. Mimi moyoni niliona ana haki, nikayafikiria mabibo, yale matunda ya korosho yanayoozea chini ya mikorosho, nikaokota ndoo tatu, tayari yamechacha, nikawamwagia mbuzi bila kumwambia mtu. Kufika alasiri matumbo yamevimba, wakafa wawili, mmoja wa mama mkwe. Mume wangu akasema Sijaona katuroga kwa ule ugomvi, nami nikanyamaza. Sasa akifika kisimani wanawake wanaondoka, na nasikia anahamia kwa kaka yake, kijiji cha Chiungutwa. Juzi aliniuliza, "Mama Fulani, na wewe unaamini?" Nikainamisha kichwa, nikapita. Nikisema, naogopa mume atanifukuza. Nifanyeje?

Mama wa Kitangari

Mwanangu, marahaba, na pole. Ulitaka kukinusuru kisima, na wazo lako lilikuwa jema. Nimemuuliza bwana mifugo: mabibo ni chakula kizuri cha mbuzi, ila yakatwe vipande kabla hayajachacha, yaanikwe juani mpaka yakauke kabisa, yachanganywe na makapi ya mbaazi, na mnyama aanze na kiganja kimoja tu. Yaliyochacha humvimbisha. Hukujua, na kwa hilo sikulaumu.

Lakini siku ile mumeo alipomtaja Sijaona, ulijua. Mwanamke aliyewaombea ninyi nyote maji safi anafukuzwa kwao kwa ajili ya ukimya wako, na hapo sina maneno matamu ya kukupa.

Anza na mama mkwe, maana mbuzi alikuwa wake. Piga magoti, mweleze yote, umwombe akusindikize kwa mwanawe. Mumeo atafoka, ila mbele ya mama yake si rahisi akufukuze. Kisha asubuhi, wanawake wakiwa wengi kisimani, sema kwa sauti kwamba mbuzi waliuawa na mabibo na uliyewalisha ni wewe. Usimtume mtu akusemee. Na ukikuta Sijaona ameshahama, mfuate huko Chiungutwa, umwombe radhi mbele ya kaka yake.