Tulivyompigia Kura Mwinga

Jumatatu, 8 Juni 1964

Darasa limejaa! Wallahi hata meli ya mahujaji haijai hivi, na mimi meli nazijua — nimepika Aden, nimepika Bombay. Watu wa nyika hii ya Taru hawaamini. Shauri yao. Serikali mpya imesema watu wazima wasome, na waanzie kwenye uraia. Basi mimi Iddi wa Bodo, darasa la nne, ndiye profesa wao.

Neno la leo: KURA. Wote kwa pamoja, ku-ra! Nikawaambia, zamani mkubwa aliamua peke yake. Sasa jambo likigombewa twaandika vikaratasi, na walio wengi ndio kweli. Ikishatangazwa, hata gavana haifuti. Nilisema vizuri mno.

Kadzo alibaki nyuma, kama kawaida yake. Ataka kujua kuandika upesi ampelekee barua mumewe, Mwinga, aliyekwenda kukata mkonge Tanga mwaka juzi. Kimya mpaka leo. Nikamwambia, dada, mumeo kanona huko, hata njia kaisahau. Akacheka kidogo. Kaandika "Mwi". Mengine kesho.

Jumatano, 10 Juni

Nilitaka mfano wa kura. Nilidhani watagombea kisima kichimbwe wapi. Akasimama Tsuma, ndugu yake Mwinga.

"Mwalimu, jambo letu liko tayari. Ndugu yangu yu hai ama amekufa? Mimi nasema amekufa. Nataka tumlie, tufanye hanga, matanga yake, nimrithi mkewe kama desturi. Huyu mlamu wangu, mkewe, abisha tu. Tupige kura."

Nikacheka. Wao hawakucheka.

Mwau, yule Mkamba mlokole wa mashamba mapya, akaruka: "Mtu hafi kwa kura, Mwalimu!"

"Kwani siku ile ulikuwa watutania?" Tsuma akaniuliza.

Wote macho kwangu. Nirudi nyuma, mimi? Nikasema haya, mazoezi tu. Nikagawa vikaratasi.

Ajabu yenyewe ni hii. Neno KODI nawafundisha tangu Aprili, haliwaingii. Leo wameandika AMEKUFA, herufi zimenyooka kama reli, hakuna hata mmoja aliyekosea. HAI zilikuwa mbili — ya Kadzo na ya Mwau. Nikatangaza kwa sauti ya bandarini: Mwinga amekufa, kwa wingi wa kura!

Nilingoja kicheko. Mwanamke mmoja akaanza kulia. Kilio cha msiba, si mchezo. Wenziwe wakakipokea.

Ijumaa, 12 Juni

Nimetoka msikitini, nimekwenda moja kwa moja kuwaambia yalikuwa mazoezi. Nimechelewa! Wamelivika sanda gogo badala ya maiti, wakalizika kando ya nyumba ya Kadzo. Yeye wamemnyoa kipara, wamemkalisha mkekani. Tsuma asema matanga yakiisha tu, amchukua.

Nilipoinama kumpa pole, Kadzo akaninong'oneza: "Mwalimu, fanya kura nyingine."

Nikamwahidi nitakwenda kwa Bwana DO, afisa wa serikali. Mimi na yule bwana tumewahi kunywa chai pamoja. Yaani yeye alikunywa, mimi nilishika buli. Lakini nitakwenda, haki ya Mungu.

Alhamisi, 18 Juni

Somo la kusoma kwa pamoja. Mwa-na-nchi. Wote wakasoma — na sauti moja ikamalizia nyuma yao. "Nchi."

Ya kiume. Kavu. Nikadhani masihara, na hapa masihara ni kazi yangu. Nikaandika jingine. Se-ri-ka-li. Wakasoma. Kisha: "Li."

Yatoka nje ya ukuta, upande wa jua. Nikatoka mbio. Mchana mweupe, kivuli changu mwenyewe kimejificha chini ya nyayo. Hapana mtu. Nyasi zimelala mahali pamoja tu, kama palikaliwa.

Nikarudi nikiimba wimbo wa mabaharia, ule mchafu. Hakuna aliyetabasamu. Tsuma akasema polepole: "Usisomeshe kwa sauti, Mwalimu. Wewe wamwita."

Jumanne, 23 Juni

DO yuko safarini. Karani kasema nirudi wiki ijayo.

Kadzo karudi darasani, kichwa kitupu, kinang'aa. Leo tumesoma kwa midomo tu, bila sauti. Ile ya nje ikasoma peke yake. Mstari mzima.

Nikamuuliza Kadzo, ndiye mumeo?

"Ningejua ningekwambia, Mwalimu. Sauti yake nimeisahau."

Jumatano, 24 Juni

Ameingia.

Adhuhuri, mlango wazi. Mtu mrefu, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, mikono imechanwachanwa na mkonge. "Hamjambo nyote." Wote wautazama ubao. Mwau alifumbua mdomo, Tsuma akamshika mkono.

Nikasema, nyie, si Mwinga huyu?

Tsuma hakugeuka. "Tulimpigia kura."

Nikapiga kelele, nikawatukana kwa lugha zote nilizokusanya baharini. Kura ile naifuta! Mimi mwalimu nimeifuta!

"Hata gavana haifuti," akasema. Wakaitikia wote, kwa pamoja, kama somo.

Yule mtu akakaa benchi la mbele. Akaomba maji. Hakuna aliyeinuka. Mwau ameninong'oneza kuwa amesikia aliyekwisha liliwa hapewi maji mpaka ndugu yake amtoe msibani kwanza, yaani amtangaze hai, na ndugu yake ndiye Tsuma.

Nimekuja chumbani kwangu kuyachota. Kata imejaa, iko hapa mezani. Nami nimekaa, naandika badala ya kuyapeleka. Atakunywa tu! Lakini akinywa, je, kama siye? Na asiponywa?

Kupitia dirisha nawaona. Amegeuka nyuma, amtazama Kadzo. Namsikia. Sauti ni ile ile.

"Kadzo, wamekunyoa. Amekufa nani?"

Kadzo ageuza uso. Anatazama huku, dirishani kwangu.