Nilivyomsemea Neema

Jumanne jioni

Miaka yote hii ya ualimu, na bado mdomo wangu unanishinda.

Vizibo vya soda ni wazo langu mwenyewe. Kwenye kikundi kila mtoto anapata vitatu. Akiongea anaweka kimoja mezani, vikiisha anawasikiliza wenzake. Nilitaka hata Neema asikike. Tangu ahamie darasa langu la sita kutoka Nansio, sijamsikia akisema zaidi ya "Shikamoo, mwalimu."

Leo swali lilikuwa kwa nini samaki wanapungua ziwani. Vikundi vikajadili, kisha kila kimoja kikatoa msemaji. Akasimama Neema! Nusura nidondoshe chaki.

"Baba yangu ni mvuvi," akasema. "Yeye anasema..."

Akanyamaza kidogo. Kidogo tu, nami nikadakia: "Anasema nyavu haramu zinamaliza samaki! Safi sana! Mpigieni makofi ya kilo!"

Darasa zima likapiga. Neema akakaa.

Kengele ilipolia, Kulwa wa kikundi chake akanifuata mlangoni. "Mwalimu, wewe hukuwa na kizibo."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Halafu baba yake hasemi hivyo. Neema alituambia sisi, tukambembeleza mpaka akakubali kusimama."

Watoto walikuwa wameifanya kazi yangu, mimi nikaiharibu kwa pumzi moja. Aibu hii sijui niiweke wapi.

Nikamkuta Neema bombani. Nikamwomba radhi, nikamuuliza alitaka kusema nini.

Aliangalia ndoo yake. "Basi tu, mwalimu. Ulishanisemea."