Kwa Nini Mshindi Humrudia wa Mwisho

Keji, mjukuu wangu wa Nairobi,

Huku Gumbo, ng'ambo ya mto kutoka Juba, tuko wazima, na bibi yako bado ananipigia kelele. Umeuliza kwa nini mshindi wetu wa mitumbwi humrudia wa mwisho. Mimi ndiye niliyeanzisha! Shule ilinishinda darasa la nne, lakini mtoni hakuna aliyeniweza. Siku moja ya mashindano niliongoza mpaka karibu na bandari tulikomalizia, nikageuka kumcheka rafiki yangu Wani, aliyekuwa wa mwisho. Mtumbwi wake ulikuwa unajaa maji. Akaniita:

"Utacheka kesho, bingwa! Lete kibuyu!"

Nikarudi, tukachota maji pamoja, tukafika wa mwisho. Mwaka uliofuata mshindi akaniiga, ikawa desturi. Aliyeshinda siku ile nimemsahau jina. Lakini dada yake Wani alituona kutoka ukingoni, na ndiye huyu anayenipigia kelele.

Babu yako, bingwa